Kahawa katika Nyumba ya Chai

Kimulot, katika eneo la Konoin kaunti ya Bomet, majani ya chai hayapewi nafasi ya kuzeeka. Mkulima anachuma asubuhi, lori linapita kituoni, na kabla giza halijaingia majani mabichi yamefika kiwandani, Mogogosiek kwa mfano. Yakicheleweshwa au yakishindiliwa mno guniani hupata joto na kuungua, na mkulima hupoteza. Chai iliyokwisha kutengenezwa nayo haikai. Nyumba ya watu sita inayopika birika la asubuhi, la saa nne na la jioni itamaliza pakiti ya nusu kilo kabla ya wiki tatu kwisha. Ndiyo maana ni nadra kumsikia mtu wa huku akiuliza namna ya kuhifadhi majani ya chai.

Kahawa ina maisha tofauti kabisa katika nyumba hizo hizo. Inaletwa na kijana aliyerudi kutoka Nairobi kwa Krismasi, au inanunuliwa Kericho mjini siku mtu anapokuwa na pesa kidogo na hamu kubwa. Inafunguliwa, inanywewa siku mbili tatu, kisha inarudishwa kabatini kumsubiri mgeni. Tupige hesabu. Kikombe kimoja cha kahawa ya kuchujwa kinataka kama gramu 10, hivyo pakiti ya gramu 250 ni vikombe 25. Mtu anayekunywa viwili kwa siku ataimaliza kwa siku 12 au 13. Familia inayopika vikombe vitatu kila Jumapili itakaa nayo wiki nane na zaidi. Kahawa ni ile ile na mkebe ni ule ule, lakini yule wa kwanza hatajua kamwe kwamba kahawa huchacha, na hii familia ya pili itaamua kwamba kahawa ni kinywaji kilichosifiwa kupita kiasi.

Mashauri mengi kuhusu kuhifadhi kahawa yameandikwa kwa ajili ya huyo wa kwanza. Yanazungumzia mikebe: wa kioo, wa bati, wenye pampu ya kutoa hewa. Kwa nyumba ya Kimulot swali la mkebe ni la tatu. La kwanza ni kasi ya matumizi. La pili ni kahawa hiyo ilikuwa katika hali gani ulipoamua kuiweka: imesagwa, imekaangwa tu, au bado ni buni.

Mbegu ya kahawa inapokaangwa hadi kupita nyuzi 200 hivi za Selsiasi, maji yaliyokuwa yakishikilia karibu asilimia 11 ya uzito wake hutoka karibu yote, na ndani ya vitundu vilivyobaki huzalishwa hewa ukaa nyingi, lita kadhaa kwa kila kilo. Hewa hiyo huendelea kutoka kidogo kidogo kwa siku na wiki. Kwa muda inaotoka inaisaidia kahawa, kwa kuwa inaisukuma oksijeni ya nje. Ikipungua, oksijeni inaingia. Wakati huo huo harufu nazo zinaondoka. Zile zinazokufanya ugeuke pakiti inapofunguliwa ni nyepesi mno, baadhi yake zina salfa ndani yake, na ndizo za kwanza kupotea au kugeuka. Mwisho yanafuata mafuta. Arabika ina mafuta kama asilimia 15 ya uzito wake, robusta kama 10, nayo huchacha yakikutana na oksijeni kama yanavyochacha mafuta ya karanga. Kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi na kung'aa mafuta yake yameshatoka juu ya ngozi, kwa hiyo huwahi zaidi kuharibika kuliko ya kahawia. Wanaonunua kahawa nyeusi ti wakidhani ni kali na itadumu wananunua ile inayodumu kidogo.

Kati ya maadui wa kahawa iliyokaangwa, oksijeni ndiyo mkubwa. Unyevu ni wa pili, joto la tatu, na mwanga ni wa mwisho, ingawa si wa kupuuzwa kwa mtungi wa kioo ulioko dirishani. Mpangilio huu una maana kwa Kimulot, kwa sababu joto, ambalo ndilo linalowasumbua watu wa Mombasa au Kisumu, huku halipo. Kijiji kiko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, siku nyingi unavaa sweta, na kabati la kawaida lina ubaridi ambao mtu wa pwani angeulipia umeme. Kinachokuwepo kwa wingi ni unyevu. Ukanda huu wa chai hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo wa Ziwa Victoria ukipanda milima alasiri huleta mawingu, mvua na mara nyingi mvua ya mawe, na nguo zilizoanikwa asubuhi huingizwa ndani zikiwa bado mbichi.

Kahawa iliyokaangwa ni kavu kupindukia na ina vitundu vingi, kwa hiyo inafyonza maji ya hewani bila kuombwa. Chai hufanya vivyo hivyo: hutoka kwenye kikausho cha kiwanda ikiwa na unyevu wa asilimia 3 hivi, na ndiyo sababu husafirishwa kwenda mnadani Mombasa katika magunia ya karatasi ya tabaka kadhaa yenye kizuizi cha unyevu ndani. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha kupakia chai analijua hilo. Jambo la ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akifika nyumbani hukunja mdomo wa pakiti ya kahawa, akaubana kwa kibanio cha nguo, akaiweka rafuni juu ya jiko.

Juu ya jiko kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya kahawa vya Ulaya havilitaji, nalo ni moshi. Jiko la kuni huacha harufu katika kila kitu kilicho wazi, na kahawa huibeba harufu ya jirani yake kwa urahisi wa kutisha. Mafuta ya taa ndiyo mabaya zaidi. Chupa ya mafuta ya taa iliyokaa kabati moja na kahawa kwa wiki moja inatosha kukuharibia kahawa yote. Sabuni ya kipande nayo haiko mbali. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mkebe wa fahari, itoe kahawa jikoni. Weka chumba cha kulala, chini ya meza ya sebuleni, popote pasipo moto wala dirisha. Shauri hili halina gharama yoyote, na naamini linafanya kazi kubwa kuliko vifaa vyote vinavyouzwa madukani.

Mkebe sasa. Katika nyumba za Kenya mkebe unaopatikana ni ule uliokuwa na kitu kingine. Mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, Kimbo au ndugu zake, umehifadhi sukari, chumvi na mbegu za mboga kwa vizazi, lakini haufai kwa kahawa. Plastiki yake imekunywa mafuta, mafuta hayo yameshachacha, na hata ukiusugua kwa maji ya moto harufu hubaki. Tena kifuniko chake hakikazi. Kopo la bati la maziwa ya watoto ni bora zaidi, likiwa limekaushwa vizuri na halina kutu ukingoni. Chupa ya kioo ya kahawa ya unga inayoyeyuka, yenye kifuniko cha kuzungusha, inafaa sana mradi iwekwe gizani. Kuhusu kibuyu, yaani sotet ya Wakipsigis, nakitaja kwa sababu naona baadhi ya watu wa mjini wakipendekeza vyombo vya asili kwa kila kitu. Sotet husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet ili kutunza mursik na kuipa ladha yake. Ni maarifa ya kuhifadhi maziwa, na ni makubwa. Kahawa ikiwekwa humo itatoka na ladha ya mkaa na maziwa yaliyoganda, nami simwombei mtu kikombe hicho.

Pakiti iliyokuja na kahawa, ikiwa ni ya foili na ina kitundu kidogo cha duara mbele, usiitupe. Kitundu hicho ni vali inayotoa hewa ukaa nje bila kuruhusu oksijeni kuingia. Waliokibuni ni kampuni ya Goglio ya Italia, na bila hicho kahawa iliyokaangwa leo ingeipasua pakiti iliyofungwa leo. Pakiti ya namna hiyo, ikiminywa hewa itoke kila baada ya kuchota, ikakunjwa na kufungwa kwa mpira, inaushinda mkebe mkubwa ulio nusu tupu. Sababu ni hewa. Kadiri kahawa inavyopungua mkebeni ndivyo nafasi ya oksijeni inavyoongezeka, na kila ukifungua unaiingiza mpya. Kwa hiyo chupa mbili ndogo zilizojaa zina faida kuliko moja kubwa: unatumia moja, na nyingine haiguswi hadi zamu yake.

Ugomvi wa kuizuia hewa ni wa zamani. Miaka ya 1860, John Arbuckle wa Marekani alianza kuzipaka mbegu zilizokaangwa mchanganyiko wa yai na sukari ili kuziba vitundu vyake, akawauzia wachunga ng'ombe wa magharibi ya nchi hiyo kahawa ambayo ilistahimili safari. Mwaka 1900 Hills Bros. wa San Francisco wakaanza kufunga kahawa katika mikebe iliyotolewa hewa. Mafanikio yalikuwa makubwa, na madhara yake ni kwamba watu waliokuwa wakikaanga kahawa nyumbani au kununua kwa mkaangaji wa mtaani walizoea kuiona kahawa kama bidhaa ya rafuni isiyoharibika. Mkebe uliotolewa hewa hulinda hadi sekunde ile unapofunguliwa. Baada ya hapo ni mkebe tu.

Friji inaleta mabishano makali zaidi, na nadhani mabishano hayo yanatokana na kuchanganya friji na friza. Friji ni mahali pabaya kwa kahawa. Ubaridi wake si wa kutosha kuchelewesha mambo sana, ina unyevu, na ndani mna samaki, vitunguu na sukuma wiki ya jana. Tena kila unapotoa pakiti baridi katika hewa ya Kimulot, umande hutanda juu ya mbegu kama unavyotanda kwenye chupa ya soda. Friza ni jambo jingine. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri mageuzi karibu yote hupungua mno, na wakaangaji wazuri wa nchi nyingi sasa huweka humo kahawa yao ya thamani kwa miezi. Masharti yake lakini ni magumu: igawanywe vifungu vidogo vya kupika mara moja au mbili, kila kifungu kifungwe hewa isipite, na kikitolewa kisirudishwe. Mwaka 2016 kundi la watafiti pamoja na mkemia Christopher Hendon, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Bath huko Uingereza, lilionyesha hata kwamba mbegu baridi husagika kwa usawa zaidi, kwa hiyo huna haja ya kungoja iyeyuke ndipo uisage.

Hayo ni kwa mwenye friza, na mwenye stima isiyopotea. Msimu wa mvua ndio msimu wa stima kukatika kwa usiku mzima, na kahawa iliyoganda ikayeyuka ikaganda tena imefanyiwa kila tulichotaka kuepuka. Kwa nyumba nyingi za huku naona friza ni jibu la swali ambalo lina jibu rahisi zaidi.

Jibu hilo linaanza kwa kutonunua iliyosagwa. Kusaga kunaongeza eneo linaloguswa na hewa mara nyingi sana, na sehemu kubwa ya hewa ukaa pamoja na harufu huondoka ndani ya dakika, si siku. Kahawa nzima iliyofungwa vizuri inanyweka kwa raha kwa wiki tatu au nne tangu kukaangwa, wakati mwingine zaidi. Iliyosagwa imeanza kufifia kabla hujafika nyumbani. Kinu na mchi vipo karibu kila mahali, na kahawa iliyotwangwa, ingawa haina usawa wa mashine, ikichemshwa inatoa kikombe kizuri. Anayetaka kinu cha mkono cha chuma atakipata mjini, na ndicho kifaa pekee ambacho ningemshauri mtu akitolee pesa.

Kuna hatua moja nyuma zaidi. Buni, yaani kahawa ambayo haijakaangwa, ikikaushwa ipasavyo hadi unyevu wa kati ya asilimia 10 na 12, hukaa miezi sita hadi mwaka bila kupoteza mengi, na ikiwa bado imo ndani ya ganda lake la ndani hukaa vizuri zaidi. Mataifa yaliyoizoea kahawa muda mrefu hayakusumbuka na mikebe kwa sababu hiyo. Ethiopia, mwenye nyumba hukaanga mgeni akiwa ameketi, na harufu ya moshi ni sehemu ya ukarimu wenyewe. Katika miji ya pwani yetu, Lamu hadi Zanzibar, wauza kahawa wamekaanga na kutwanga kwa ajili ya siku yenyewe, wakaipika kwenye dele, birika lao la kahawa, na kuigawa kwa vikombe vidogo barazani. Wahaya wa Kagera walienda njia yao: robusta changa huchemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa, ikatafunwa mbegu kwa mbegu na kutolewa kwa wageni, imehifadhiwa kwa namna ambayo haihitaji kukaangwa wala maji ya moto. Baganda nao walitumia mbegu za kahawa katika kufunga undugu wa damu. Katika desturi zote hizi kinachowekwa akiba ni mbegu ambayo bado haijageuzwa na moto kuwa kitu cha haraka.

Na buni si ya kuagizwa mbali. Kaunti ya Kericho, ambayo mtu wa nje huiwazia kama zulia moja la chai, inalima kahawa upande wa Kipkelion na Fort Ternan, ambako ardhi inashuka na joto linaongezeka. Kahawa hiyo, kama nyingi ya Kenya, husafiri kwenda kinuni na nje ya nchi. Makadirio ya kawaida ni kwamba Wakenya wenyewe hunywa chini ya asilimia 5 ya wanachozalisha. Lakini kilo moja mbili za mbuni, ile inayokaushwa na tunda lake lote, hupatikana kwa mkulima bila shida, na mtu wa Kimulot anayejuana na mtu wa Kipkelion ana ghala bora kuliko mkebe wowote.

Tahadhari hapa ni unyevu tena. Buni ikiachwa kwenye gunia la katani katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 au zaidi, itafyonza hadi kupita asilimia 13 au 14, itapauka, na kuvu itaingia, baadhi yake ikiwa ya aina inayotoa sumu ya okratoksini. Wakulima wa mahindi wanalijua tatizo hilo na baadhi yao tayari wana dawa yake: mifuko ya PICS, yenye plastiki mbili ndani ya gunia, isiyopitisha hewa wala unyevu. Inafaa kwa buni vilevile. Ila mfuko huo hutunza hali uliyoikuta. Ukiweka kahawa mbichi kidogo, itabaki mbichi na kuoza ndani. Kipimo cha chumvi ambacho maafisa wa kilimo huwafundisha wakulima, yaani kutikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu na kutazama kama chumvi inanata kwenye kioo, kinafaa kwa mahindi kwa sababu huonya karibu na asilimia 15. Kwa kahawa, asilimia 15 umeshachelewa. Jua kali la Januari na Februari, siku kadhaa juu ya turubai, kisha jino: mbegu ikiuma jino na isibonyee, iko tayari.

Kukaanga si kazi ya kutisha. Sufuria nzito au chungu, jiko la makaa, nje ya nyumba, mkono usioacha kukoroga. Baada ya kama dakika 10 mbegu huanza kupasuka kwa mlio. Dakika chache baadaye zina rangi ya kahawia iliyokolea, na hapo zinamwagwa juu ya ungo na kupepetwa zipoe upesi na maganda yaruke. Uzito utakuwa umepungua kama asilimia 15. Kaanga ya Jumapili mbili tu. Makosa yatakuwepo, mbegu nyingine zitaungua huku nyingine zikibaki nyepesi, na bado kahawa hiyo ikiwa na siku tatu itaishinda ya bei kubwa iliyokaa rafuni miezi minne. Usiinywe kwa kuchuja siku ile ile: hewa ukaa bado ni nyingi na maji hayapenyi vizuri. Ukiichemsha kama wanavyofanya pwani hilo halikuhusu, moto utaitoa.

Swali la haki ambalo msomaji wa Kimulot anaweza kuuliza ni kama tofauti yote hii inaonekana katika kikombe chake, maana kahawa ya huku mara nyingi hupikwa kama chai, ndani ya maziwa, na sukari isiyopimwa. Jibu langu ni nusu kwa nusu. Maziwa na sukari huficha kahawa iliyofifia. Mgeni hataona kwamba harufu ya maua au ya matunda haipo, kwa kuwa hata ingekuwepo ingezama. Kuchacha kwa mafuta hakufichiki. Ladha ile ya karatasi kuukuu na njugu zilizokaa inapanda juu ya maziwa na kubaki mdomoni. Maana yake ni kwamba mpikaji wa kahawa ya maziwa ana uvumilivu wa miezi miwili pale ambapo mnywaji wa kahawa tupu ana wa mwezi mmoja, na anayetia tangawizi ana zaidi kidogo. Akinunua mkebe wa shilingi elfu tatu amepoteza shilingi elfu tatu.

Na kwa nyumba ambayo kweli hupika kahawa mara moja kwa mwezi, sioni aibu ya ile inayoyeyuka. Ni kavu mno na mafuta yake ni machache, kwa hiyo ikifungwa isipate unyevu hukaa mwaka bila kubadilika sana. Africafé, inayotengenezwa Bukoba, imeingia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kwa sababu hiyo hasa. Sharti lake ni kijiko kikavu. Kijiko chenye tone la chai kikitumbukizwa humo mara moja, kesho yake kuna bonge, na msimu wa mvua bonge hilo hukua hadi chini.

Anayeamua kununua iliyokaangwa dukani na aiangalie pakiti kabla ya kulipa. Karibu zote zina tarehe ya kwisha, mara nyingi mwaka mmoja au miwili mbele, ambayo inakueleza tu lini haitakufaa kisheria. Tarehe unayoihitaji ni ya kukaangwa, na pasipokuwepo, ya kutengenezwa. Pakiti ikiwa imekaa mstari wa mbele ambapo jua la asubuhi linaingia, omba ya nyuma. Ikiwa zote zina miezi sita, nunua iliyo ndogo kabisa, ile ya gramu 50 au 100, hata kama kwa kilo inakuwa ghali.